Soko la vyakula lenye paa, la mwaka mzima: mwongozo kwa wakazi wa Kigoma na Ujiji

Dagaa mkavu akilowa mara moja hana bei tena. Nalijua hilo kwa sababu nimekulia Ujiji nyuma ya sinia la mama yangu, na kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kushika ncha ya turubai mvua ikianza. Ncha moja mimi, ncha nyingine dada yangu, katikati mama amejikunja juu ya sinia kama kuku juu ya vifaranga. Maji yaliingia hivyo hivyo, yalipita chini. Dagaa wa juu walibaki wanang'aa, wa chini walikuwa wamevimba na kushikana, na jioni mnunuzi wa chakula cha kuku aliwabeba kwa bei aliyoitaka yeye. Mama hakulia. Alikung'uta gunia, akalikunja, akasema kesho tuwahi.

Mwongozo huu nauandikia mtaa, kijiji au kata inayotaka kuondokana na turubai. Sizungumzii soko kubwa la manispaa la ghorofa. Nazungumzia soko dogo la ndani la vizimba 40 hadi 80, lenye paa, sakafu, maji, choo na taa, ambalo mtu analikuta wazi Januari na Julai, masika na kiangazi. Nimekaa kwenye kamati ya soko la mtaa kwa miaka kadhaa, na mengi yaliyomo humu tuliyajua baada ya kukosea.

Jambo moja liwekeni mbele ya mengine yote. Nchi hii ina masoko mengi yenye paa zuri na vizimba vitupu, huku wauzaji wake wamejipanga barabarani hatua 20 kutoka mlangoni. Watu husema wauzaji ni wakaidi, na si kweli. Mnunuzi anayetoka kazini hununua nyanya kwa mtu wa kwanza anayekutana naye. Mmoja akikaa nje anakamata wateja wa aliye ndani, na kesho yake wa ndani anatoka, kwa sababu na yeye ana watoto. Baada ya mwezi soko zima liko barabarani. Kwa hiyo kila uamuzi, kuanzia kiwanja hadi ushuru, upimeni kwa swali hili: mama aliyepata kizimba cha mwisho kabisa ndani, atauza sawa na aliyekaa mlangoni? Kama jibu ni hapana, badilisheni uamuzi kabla ya kununua bati.

Hatua ya kwanza: hesabuni siku 30

Kabla ya mkutano, kabla ya ramani, chukueni daftari mkae pale watu wanapouzia sasa. Andikeni kila siku nani kaja, kauza nini, kaja saa ngapi, kaondoka saa ngapi, mzigo ulitoka wapi, na kilichobaki kilienda wapi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau, nalo ndilo linaloonyesha hasara. Tulipohesabu sisi, tulikuta nyanya na mchicha uliobaki jioni ulikuwa mwingi kuliko tulivyodhani, na sababu ilikuwa jua la saa nane tu.

Nasema siku 30, wala si wiki moja, kwa sababu ziwa lina kalenda yake. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa hufanya kazi kukiwa na giza. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi hupumzisha nyavu kwa karibu wiki nzima. Ukihesabu wiki hiyo utaandika kwamba mtaa wenu hauna biashara ya samaki, na ukihesabu wiki ya giza utajenga meza za samaki mara mbili ya zinazohitajika.

Baada ya daftari la mwezi, tengenezeni kalenda ya mwaka. Bandikeni karatasi kubwa ukutani, miezi 12 juu, vyakula pembeni, kisha waiteni wanaojua: mvuvi, mchuuzi anayeleta maharage na ndizi kutoka Kasulu na Buhigwe, mama wa mawese, mkulima wa mboga na mpunga wa bonde la Luiche, muuza chumvi ya Uvinza. Kila mmoja aweke alama kwenye mwezi ambao mali ni nyingi, mwezi ambao ni ya shida, na mwezi ambao haipo. Mihogo na ndizi mtaziona zikienda mwaka mzima. Embe zitajaa mwisho wa mwaka kisha zipotee. Samaki wana pengo jingine jipya: mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilipumzishwa kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Soko lililotegemea migebuka wabichi peke yao lilishinda kimya miezi hiyo.

Mapengo hayo yawe wazi kwenye karatasi, kwa sababu soko la mwaka mzima hufa kwenye pengo. Mnunuzi akija mara mbili akakuta meza tupu, ya tatu haji. Kwa kila mwezi wenye shida kubalianeni mapema nani atajaza na nini. Mama wa samaki wabichi anaweza kuingia msimu wa kupumzisha ziwa akiwa na akiba ya dagaa wakavu aliowaweka mahali pakavu, au akahamia kwenye maharage kwa miezi hiyo kwa makubaliano na wanaouza maharage, ili asionekane mvamizi.

Hatua ya pili: mkutano, na saa ya mkutano

Mkutano wa wakazi wa mtaa huitishwa na mwenyekiti wa mtaa, na mtendaji huandika muhtasari. Muhtasari wenye mahudhurio na sahihi ndiyo karatasi ya kwanza itakayoulizwa kila ofisi mtakayokwenda, basi usiandikwe juu juu. Kutoka mtaani hoja inapanda kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambako diwani ndiye mwenyekiti, kisha inakwenda halmashauri. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1 na mapendekezo hukusanywa miezi mingi kabla. Mkipeleka ombi Mei, mmeukosa mwaka unaoanza Julai hiyo, mmejipanga kwa ule unaoufuata.

Ila nataka nikae kidogo kwenye saa ya mkutano. Mkutano wetu wa kwanza uliitishwa saa tatu asubuhi. Walikuja wazee wengi, wenye nyumba, vijana wachache. Akina mama wa samaki hawakuja hata watano, maana saa hiyo wako mwaloni au wanageuza dagaa kwenye vichanja. Tukapitisha mambo ambayo waliokuwa waathirike hawakuyasikia. Mama mmoja alinikuta njiani jioni, nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba mwanangu. Nasikia mmenipangia meza." Hakusema zaidi, na mimi sikuwa na la kujibu. Mkutano wa pili tuliuweka saa kumi na moja jioni, siku isiyo Ijumaa, jirani na pale wanapouzia, na ukumbi ukafurika.

Waiteni pia wanunuzi, hasa mama lishe, kwa kuwa hao hununua kila siku ya Mungu na kwa wingi. Waiteni bodaboda. Waiteni watu wenye ulemavu na muwaulize wao wenyewe mlango uwe wapi.

Hatua ya tatu: kiwanja

Soko lifuate njia ya miguu ya watu. Ujiji palikuwa na soko la kila siku tangu karne ya 19, watu wakinunua samaki, mawese na chumvi ya Uvinza kwa ushanga, na halikupangwa na mtu ofisini: lilikaa pale mitumbwi na misafara ilipokutana. Na leo simameni saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na moja jioni muone watu wanapita wapi. Kiwanja cha bure kilicho mita 400 nje ya njia hiyo kitawagharimu zaidi kuliko cha kununua kilicho juu yake.

Ukingo wa ziwa unavutia kwa sababu samaki wanashukia hapo. Msijenge hapo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, na hata bila sheria tumeona wenyewe: tangu mwaka 2020 maji yalipanda, yakala fukwe na kuingia kwenye nyumba za watu. Waulizeni wazee maji yalifika wapi, kisha mpande juu zaidi ya hapo.

Karatasi za kiwanja zikamilike kabla ya tofali la kwanza. Ndani ya manispaa nendeni kwa ofisa mipango miji muone eneo hilo limetengwa kwa matumizi gani. Kijijini ardhi iko chini ya halmashauri ya kijiji kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na mkutano mkuu wa kijiji una sauti. Kama ni familia imejitolea kiwanja, shukuruni, kisha andikishaneni mbele ya watendaji na ndugu wote watu wazima wa familia hiyo. Mzee aliyetoa kwa moyo safi akifariki, watoto wake wana haki ya kuuliza, na jibu liwe limeandikwa. Ulizeni mapema pia kuhusu tathmini ya mazingira, kwa sababu maji machafu ya samaki lazima yaende mahali.

Hatua ya nne: nani mwenye soko, na fedha

Hapa wengi huruka, halafu hugombana. Kwa desturi na sheria zetu masoko ni kazi ya halmashauri, na ushuru hukusanywa kwa sheria ndogo zake. Wakazi wakijenga kwa nguvu zao bila makubaliano, siku ya kufungua atakuja mkusanya ushuru na mashine yake ya POS, na kamati nayo ina kitabu chake cha risiti, na muuza mchicha atalipa mara mbili. Andikeni mkataba na halmashauri mapema: jengo ni la nani, ushuru unakusanywa na nani, sehemu gani inabaki sokoni kwa usafi na matengenezo, na kamati ya soko inachaguliwa vipi. Wauzaji wenyewe wanaweza kujiunga kama kikundi kilichosajiliwa kwa ofisa maendeleo ya jamii, au chama cha ushirika chini ya Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013. Kikundi ni rahisi kuanza nacho, ushirika una ukaguzi mkali zaidi. Mimi ningeanza na kikundi, fedha zikikua mkapande.

Kuhusu fedha, tunao utamaduni wa maboma: wananchi wananyanyua kuta za darasa au zahanati, serikali inamalizia paa. Kwa soko geuzeni. Nguzo, paa na sakafu kwanza, kuta baadaye. Boma la soko lisilo na paa ni majani na mbuzi, lakini paa lisilo na kuta tayari watu wanauza chini yake, na wanaouza wanaona thamani ya kuchangia zaidi. Michango ya nguvu iandikwe kama michango ya fedha: siku moja ya kuchimba msingi, tripu moja ya mchanga, mawe. Kila shilingi iwe na risiti, na hesabu zibandikwe ubaoni kila mwisho wa mwezi hata kama ni aibu.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri hutengwa kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hiyo iombeni kwa mtaji, mizani, jokofu, vichanja. Msiiombe kwa ajili ya kujengea, kwa sababu jengo halirudishi mkopo kwa wakati na wanaodaiwa ni akina mama. Kwa jengo semeni na diwani, na mbunge kuhusu mfuko wa jimbo, na bajeti ya halmashauri yenyewe.

Hatua ya tano: jengo lenyewe

Tafuteni fundi na mhandisi wa halmashauri, lakini msiende mikono mitupu. Nendeni mkijua mnachotaka.

Paa liwe juu, mita nne au zaidi kwenye ukingo, na mgongoni liachwe wazi chini ya kipaa kidogo ili joto na harufu vitoke juu. Weka bati chache za plastiki zinazopitisha mwanga, upande usiopigwa na jua la mchana. Ukingo wa paa utoke nje ya kuta angalau mita moja na nusu, maana mvua yetu inakuja na upepo na haianguki wima. Mwaka mmoja tuliacha ukingo mfupi ili kuokoa bati sita. Safu yote ya upande wa magharibi ililowa masika nzima na wauzaji wake wakahamia njiani, wakaziba njia.

Soko Kuu la Kariakoo, alilolisanifu Beda Amuli na likafunguliwa mwaka 1975, paa lake ni kama miavuli iliyogeuzwa inayokusanya maji ya mvua. Wazo hilo linafaa hata kwa soko la bati. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita 20 kwa 15 ni mita 300 za mraba, basi mvua ya milimita 20 tu inawapa karibu lita 6,000. Fungeni mifereji na tangi siku ile ile mnayoezeka. Maji hayo ni ya kuosha sakafu na vyoo, ya kuoshea samaki na mboga yatoke bombani.

Na Kariakoo hiyo hiyo iliungua usiku wa Julai 10, 2021. Kwa hiyo nyaya zipite ndani ya mabomba, kila safu iwe na swichi yake, umeme wa vizimba uzimwe soko likifungwa, na waiteni Zimamoto wakague kabla ya kufungua. Jiko la mama lishe liwe chini ya paa lake lenyewe, pembeni, wala lisiwe katikati ya magunia.

Sakafu imwagwe kwa mteremko wa sentimita mbili kila mita kuelekea kwenye mfereji, na mfereji ufunikwe kwa wavu wa chuma unaoinuka kwa mkono mmoja, kwa sababu usioinuka hausafishwi. Njia kuu mita tatu, ili mkokoteni na kiti cha magurudumu vipishane. Mlangoni kusiwe na ngazi bila njia ya mteremko. Choo cha wanawake kiwe na mlango unaojifunga kwa ndani na ndoo ya maji. Naliandika hili kwa sababu nimeona soko zuri lililokosa hilo tu, na akina mama wakawa hawanywi maji kutwa nzima.

Sasa mpangilio wa ndani, ambao ndio moyo wa kazi. Samaki wawekeni nyuma kabisa. Watu wa Kigoma watamfuata dagaa popote alipo, hata mwisho wa soko, na wakimfuata watapita mbele ya nyanya, vitunguu, mchicha na unga. Ukiweka samaki mlangoni umefunga soko lote lililoko nyuma yao. Meza za samaki ziwe za zege zenye vigae, bomba moja kwa kila meza nne, na karibu yake kasha la barafu. Kwa joto letu hesabuni kilo moja ya barafu kwa kila kilo ya samaki mbichi. Nafaka na unga vikae mbali na samaki, juu ya chaga za mbao, kwa sababu unga unavuta harufu kama pamba inavyovuta maji.

Mawese yana tabia yake. Asubuhi za baridi za Juni na Julai yanaganda kwenye dumu na muuzaji anataka jua ili yalegee, basi mpeni upande wa mashariki unaopata jua la mapema. Hapo hapo wekeni debe la mchanga au maranda, kwani tone la mawese kwenye sakafu ya saruji limeshaangusha mtu mzima mbele ya macho yangu. Dagaa wakavu wanataka upepo na kimo. Nje, upande wa jua, jengeni vichanja vya wavu vilivyoinuliwa kama mita moja kutoka chini, na turubai la kuvuta juu mvua ikija. Dagaa wa kichanja hana mchanga, anakauka upesi, na mnunuzi wa mbali anamlipia zaidi.

Hatua ya sita: kugawa vizimba

Wanaouza pale sasa, waliomo kwenye daftari la siku 30, wapate kwanza. Ndiyo maana daftari lile lisainiwe kila ukurasa tangu mwanzo, kwa sababu siku ya kugawa majina yataongezeka kimiujiza. Ndani ya kila aina ya bidhaa kura ipigwe hadharani: namba kwenye vikaratasi, ndoo moja, mtoto mdogo anachomoa, watu wote wanaona.

Kizimba ni cha anayeuza. Asipangishwe mtu wa pili. Mnajua ilivyo kwingine: mtu anamiliki vizimba vitano kwa majina ya wanawe, hajawahi kuuza hata kitunguu, na kila mwezi anapokea kodi mara tatu ya ile anayolipa. Andikeni kwamba kizimba kisichofunguliwa siku 30 bila taarifa kinarudi kwenye kamati. Lakini aliyejifungua, mgonjwa, au aliyefiwa, kizimba chake kilindwe miezi mitatu, na ndugu yake auzie hapo kwa niaba yake.

Kila miezi sita safu zibadilishane, wa nyuma waje mbele ndani ya aina yao ya bidhaa. Wa mbele watalalamika, waacheni walalamike. Bila hivyo bahati ya siku moja ya kura inakuwa urithi.

Hatua ya saba: wiki tatu za kwanza

Hameni siku moja, wote, alfajiri. Akibaki hata mmoja nje mmepoteza. Zungumzeni mapema na wale wenye wateja wengi, mathalani mama ambaye kila mtu anamjua kwa migebuka wake wa kuchoma, na muwaombe waingie wa kwanza. Kituo cha bodaboda na bajaji kihamishiwe lango la nyuma, ili mnunuzi akishuka aingie kwa nyuma na kutokea mbele, akipita katikati ya soko.

Na wanaouza barabarani jioni je? Msiwaitie mgambo wa kumwaga mali za watu. Sisi tulitenga safu moja ya nje chini ya ukingo wa paa kwa ajili ya mauzo ya jioni, kuanzia saa kumi na moja hadi saa mbili usiku, na kila wiki wanakaa hapo wauzaji wa safu nyingine ya ndani kwa zamu. Barabara ikawa ya kwao wote kwa mpangilio. Mwezi wa Ramadhani ongezeni taa na muda: kuanzia alasiri Ujiji inatafuta mihogo, viazi na ndizi za futari, na soko linalofungwa saa kumi mwezi huo linawapa wengine riziki yake.

Hatua ya nane: kuendesha

Hesabu ya ushuru ifanyeni mbele ya wauzaji. Tuseme vizimba 60, shilingi 300 kwa siku, siku 26: ni shilingi 468,000 kwa mwezi. Toeni mlinzi, wasafishaji, maji, umeme, kubeba taka, mtaona kinachobaki. Kwa shilingi 500 inakuwa 780,000. Wauzaji wakiona mchanganuo huchagua wenyewe, na waliochagua hulipa bila kufukuzwa. Sehemu ya kumi iende kwenye akiba ya matengenezo, benki, sahihi tatu, mmojawapo awe muuzaji wa kawaida asiye kiongozi.

Mizani moja ya soko, iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, ining'inizwe katikati, na mnunuzi yeyote aruhusiwe kupima upya alichouziwa. Makopo ya dagaa yawe ya aina moja, yakaguliwe kila Jumatatu, hasa kitako, maana kuna makopo yaliyobonyezwa ndani kwa ustadi mkubwa. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, isiingie getini. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, na soko likiwa na fundi wa vikapu na mifuko ya magunia mlangoni hakuna anayekosa cha kubebea. Taka za mboga ziende kwa wafugaji kila jioni, taka za samaki zisilale sokoni hata usiku mmoja.

Daftari la siku 30 msilifunge. Mtu mmoja, kijana aliyemaliza shule anafaa, aendelee kuandika bei na mali kila siku: dagaa kopo, mawese lita, maharage kilo, nyanya fungu. Baada ya mwaka mtakuwa na kitu ambacho hata ofisi kubwa haina, na mchuuzi wa Kasulu atapiga simu kabla ya kupakia gari.

Mwisho ni mifereji ya paa. Septemba, kabla ya mvua, mtu apande ngazi aondoe majani, akaze misumari ya bati iliyolegea, aoshe tangi, na amwage ndoo ya maji juu ya paa huku wengine wamesimama ndani wanatazama juu. Panapovuja pawekewe alama ya chaki chini. Kwetu mwaka jana alama zilikuwa mbili, zote juu ya safu ya dagaa, na fundi alizimaliza siku hiyo hiyo kabla giza halijaingia.